Pesa ya India tunachanga, uboho atatoa nani?

Juzi nimeletewa bahasha na posta hapa Köln, ndani kuna vijiti vitatu vya pamba, fomu ya kujaza na bahasha ya kurudishia. Unasugua ndani ya mashavu, unafunga, unatumbukiza kwa sanduku la posta, basi, umejiandikisha kutoa seli shina, zile za ndani ya uboho wa mifupa zinazotengeneza damu, kwa mgonjwa yeyote duniani ambaye tishu zake zinaoana na zako. Hakuna foleni, hakuna njoo kesho. Nilifurahi jamani, halafu nikakasirika.

Kwa sababu sisi watu wa Nairobi tunajua leukemia, ile saratani ya damu, inavyoenda. Grupu ya WhatsApp, picha ya mgonjwa, paybill, mchango kanisani, kila mtu anatuma kidogo kidogo mpaka pesa ya kwenda kutibiwa India ifike, na tunatoa kweli, hakuna mtu duniani wa kutufunza kutoa. Lakini katika hizo grupu zote sijawahi kuona hata moja ikiuliza ni nani yuko tayari kupimwa tishu. Pesa inalipa tiketi na kitanda, haiwezi kumleta mtu wa kumtolea mgonjwa uboho ambaye tishu zao zinaoana. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya tishu zake kuoana na za mgonjwa. Wakikosa nyumbani daktari anaanza kutafuta kwa orodha za watu baki, na hizo zote pamoja zina watu zaidi ya milioni 40, lakini wengi ni wazungu. Huko Marekani mgonjwa mzungu ana uwezekano wa kama asilimia 79 kupata mtu ambaye tishu zao zinaoana kabisa, mweusi asilimia 29. Tishu zinarithiwa, na Waafrika tuna aina nyingi kuliko watu wa bara lolote, kwa hivyo anayefanana na Mluhya wa Kangemi pengine yuko Kakamega saa hii anapalilia mahindi na hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Sasa najua mtasema huyu ameenda majuu ameanza kutudharau. Hapana. Sisemi Wajerumani wana roho nzuri kutuliko. DKMS, shirika la Ujerumani la kuandikisha watoaji, yenyewe ilianza 1991 kule Tübingen, familia moja ilikuwa inamtafutia mama yao mtu wa kumtolea na nchi nzima ilikuwa na watu kama 3,000 tu kwa orodha. Wakaenda kwa majirani, kazini, kila mahali. Hiyo si harambee kabisa? Tofauti ni kwamba wao walichanga mashavu, tena kabla mtu mwingine hajaugua.

Mwingine atasema hizi ni biashara za viungo, na baada ya zile habari za watu kuuza figo sikulaumu. Lakini figo ikitoka haioti ingine, uboho unajirudisha ndani ya wiki chache. Wengi hata hawapasuliwi, unadungwa sindano siku kadhaa ili seli ziongezeke kwa damu, mifupa inauma kama mtu ana homa, halafu unakaa kwa mashini masaa manne matano damu inatoka mkono huu inarudi ule. Wachache wanatolewa kwa mfupa wa nyonga wakiwa wamelazwa usingizi. Uti wa mgongo haguswi mtu, hiyo ni uvumi.

Na yule wa kusema hata damu ya kawaida tunaambiwa tulete jamaa wachangie, orodha ya uboho itatoka wapi? Hapo umenishika, ni kweli na inauma. Lakini Afrika Kusini wana yao tangu 1991 na Nigeria walianza 2012, sasa hii ya kusema sisi ni maskini tutaisema mpaka lini?

Mkenya uliye Ujerumani, uko kati ya miaka 17 na 55 na una afya, jiandikishe, orodha zimeunganishwa, hata hospitali ya India inayomtibu mtu wa kwetu inaweza kukupata. Na wewe unayepanga mchango wiki hii, kabla ya paybill hebu uliza kama ndugu zake wote wamepimwa, hata yule wa Mombasa mliyekosana naye kwa sababu ya shamba.