Farasi wa Mbinguni, Zizi la Duniani

Mwaka 104 KK hivi, wajumbe wa Kaizari Wu wa dola ya Han walifika Dayuan, katika bonde la Ferghana huko Asia ya Kati, wamebeba dhahabu na sanamu ya farasi iliyotengenezwa kwa dhahabu. Walitaka kubadilishana: chukueni farasi wa dhahabu, tupeni farasi wa nyama. Wenyeji wakakataa. Farasi wao walikuwa hazina ya nchi, na China ilikuwa mbali mno kuwatisha. Mjumbe akapandwa na hasira, akatukana, akaipiga sanamu nyundo mbele ya macho yao, akaondoka zake. Kwao hakufika. Aliuawa njiani, na mali aliyobeba ikanyang'anywa.

Kisa hiki kimehifadhiwa na Sima Qian, mwanahistoria aliyeishi zama hizohizo. Nimekitanguliza kwa sababu vibao vya makumbusho na vitabu vya watalii hupenda kutuambia kwamba farasi katika sanamu za China ya kale ni alama ya nguvu, kasi na ustawi. Maneno hayo hayana kosa, ila hayana chumvi. Farasi wa taifa gani si alama ya nguvu na kasi? Mtu aliyevunja farasi wa dhahabu kwa kumkosa farasi wa kweli alikuwa na jambo mahususi zaidi moyoni.

Wanaosoma sanamu hizi kama alama wana ushahidi, tena si haba. Hekaya za kale zinamtaja farasi mwenye umbo la joka aliyetoka Mto Manjano na michoro mgongoni. Kitabu cha Kanuni za Zhou, dola ya kale iliyotangulia Han, kinasema farasi aliyezidi kimo cha chi nane (chi ni kipimo cha urefu cha Wachina) huitwa joka. Na farasi wa Dayuan walipopatikana hatimaye, mwaka 101 KK, ukatungwa wimbo wa kuwapokea: farasi wa mbinguni amekuja kutoka mwisho wa magharibi, malango yafunguliwe, atambeba Kaizari hadi Kunlun, mlima wa wasiokufa. Kwa mtazamo huo, farasi aliyewekwa kaburini ni chombo cha safari. Roho haitembei kwa miguu.

Lakini soma maandiko hayohayo kwa jicho la saisi, mtunza farasi. Jina "joka" hapo ni daraja la kimo. Na jina "farasi wa mbinguni", kabla ya kwenda kwa farasi wa Dayuan, lilikuwa la farasi wa Wusun, watu wengine wa magharibi. Walipokuja wa Dayuan, waliokuwa bora zaidi, Kaizari aliwavua wale wa Wusun jina hilo, akawapa jingine la chini, "farasi wa mwisho wa magharibi", na "mbingu" wakapewa wageni wapya. Alama takatifu haihamishwi hivyo. Daraja la bidhaa ndilo huhamishwa.

Na bidhaa hiyo iliwahangaisha Wahan tangu mwanzo. Mwaka 200 KK mwanzilishi wa dola, Liu Bang, alizingirwa huko Baideng na wapanda farasi wa Xiongnu, wafugaji wa nyika za kaskazini. Sima Qian anaeleza kwamba Waxiongnu walijipanga kwa rangi za farasi: upande wa magharibi weupe watupu, mashariki wa kijivu, kaskazini weusi, kusini wekundu. Sasa mtazame mwenzao. Katika miaka hiyo, mwandishi huyohuyo anasema, mfalme wa Han hakuweza kupata farasi wanne wa rangi moja wa kuvuta gari lake, na mawaziri wake wengine walipanda magari ya ng'ombe. Fedheha hiyo haikusahaulika kwa vizazi. Kizazi cha Kaizari Wu kilipopata fedha, kilizimwaga kwenye farasi. Safari ya pili ya jenerali Li Guangli kwenda Dayuan ilitoka Dunhuang na askari 60,000 na farasi 30,000. Waliovuka lango la mpakani kurudi walikuwa askari kama 10,000 na farasi 1,000 na ushei. Bora hasa, wale wa kuitwa wa mbinguni, waliochaguliwa huko walikuwa makumi machache tu.

Hapo ndipo ninapoiona kazi nyingine ya sanamu. Chini ya Kaizari Wu, mjuzi wa farasi aitwaye Dongmen Jing alisubu farasi wa shaba akamleta ikulu. Farasi huyo alisimamishwa nje ya lango moja, na lango likabadilishwa jina likaitwa la Farasi wa Dhahabu. Mwaka 44 BK jenerali Ma Yuan aliyeyusha ngoma za shaba alizoteka kusini akasubu farasi mwingine. Barua aliyomwandikia Kaizari inajulikana: farasi ni msingi wa silaha, na ni chombo kikubwa cha dola. Farasi wake alikuwa kielelezo. Kila kiungo kilifuata mafundisho ya mabingwa wa kukagua farasi: mdomo uwe hivi, mbavu hivi, kwato hivi. Elimu hiyo ilikuwa na vitabu vyake. Kimoja, kilichoandikwa juu ya hariri, kilifukuliwa mwaka 1973 katika kaburi la Mawangdui. Ukinunua mnyama kwa bei ya kijiji kizima, huna budi kuwa na kipimo.

Kambi hizi mbili, ya alama na ya zizi, zinakutana uso kwa uso Wuwei, mkoani Gansu. Mwaka 1969 wakulima waliokuwa wakichimba handaki la kujikinga na mabomu chini ya kilima cha Leitai walitoboa kaburi la mwisho wa Han (wapo wanaolisogeza mbele hadi dola ya Jin, iliyokuja baadaye). Ndani mlikuwa na msafara wa shaba: farasi 39, magari 14, watumishi na walinzi. Mmoja hakufanana na wenzake. Kimo chake ni sentimeta 34.5, urefu 45. Kwato tatu ziko hewani. Ya nne, ya nyuma kulia, imekanyaga mgongo wa ndege arukaye, na ndege amegeuza kichwa kama anayeuliza ni nini hiki.

Mwaka 1971 msomi Guo Moruo alimwona akampa jina la "farasi akanyagaye mbayuwayu arukaye". Mwaka 1973 sanamu ilionyeshwa Paris na London, na mwaka 1983 ikawa nembo ya utalii wa China. Jina limenata, ingawa mkia wa ndege yule hauna panda, yaani haugawanyiki mwishoni, na mbayuwayu bila mkia wa panda ni sawa na twiga bila shingo. Wengine wanasema ni kozi. Wengine wanamwita ndege-joka wa upepo, na hapo farasi anarudi kuwa wa mbinguni kabisa: ikiwa upepo wenyewe uko chini ya kwato, huyu si wa zizi lolote.

Wa kambi ya pili wanajibu: angalia mwendo. Huyu haendi shoti. Miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja, mwendo ambao Waswahili tunauita telki, ule wa punda mzuri wa kupandwa. Mwendo huo haumtikisi mpandaji, na farasi wenye nao walitafutwa kwa bei. Mchongaji aliyejua telki alikuwa amesimama zizini, akatazama. Kwa maoni hayo, ndege ni njia ya fundi kusema "upesi", na pia ni jibu la swali la ufundi: utamsimamishaje mnyama wa shaba kwa mguu mmoja asianguke? Unampa kitako kipana, na kitako unakigeuza ndege.

Mimi naipenda hoja ya telki kuliko ya ndege wa upepo, lakini nakiri haimalizi kazi. Kama nia ilikuwa kielelezo cha mwendo, farasi angesimamishwa juu ya kibao tu. Mtu aliwaza ndege. (Mwaka 2022 makumbusho ya Gansu yalimuuza farasi huyu kama mwanasesere wa kijani mwenye meno nje, akapendwa nchi nzima. Ukimtazama kwa mbele utaelewa. Ana uso wa kuchekesha kweli, na vitabu vinavyomsifu kama fahari ya taifa humpiga picha kwa ubavu.)

Nadharia yangu, basi, ni kwamba uhaba ndio uliompandisha farasi mbinguni. Ipime kwa Qin, dola iliyotangulia Han. Wafalme wa Qin walitoka kwa mfugaji: babu yao Feizi alipewa ardhi na mfalme wa Zhou kwa sababu alijua kuzalisha farasi. Kwenye mashimo ya Jeshi la Udongo karibu na Xi'an, lililogunduliwa mwaka 1974, kuna farasi zaidi ya 600 wa udongo wa kuchoma. Hawaruki wala hawakanyagi kitu. Wamesimama kwa utulivu, masikio wima, wale wa kupandwa wana matandiko yasiyo na vikuku vya kukanyagia. Ni farasi wa kazini. Wenye farasi tele hawakuona haja ya kuwapa mabawa.

Nadharia hiyo inachechemea mahali pawili, na sitaki kupaficha. Kwanza, Wuwei yenyewe ilikuwa nchi ya farasi, mpakani, kwenye malisho. Mbona ndiko kulikotoka farasi wa kiroho kuliko wote? Pengine mwenye kaburi, ofisa wa ukoo wa Zhang kwa mujibu wa maandishi kwenye shaba, alikuwa akiiga lugha ya ikulu, kama maofisa wa mikoani wafanyavyo kila mahali. Ni pengine tu. Pili, dola ya Tang. Katikati ya karne ya 7 malisho ya serikali yalihesabiwa kuwa na farasi 706,000, na ni Tang hiyohiyo iliyojaza makaburi farasi wa udongo wenye rangi za kung'aa, manjano, kijani na nyeupe. Uhaba uko wapi? Naona ulikuwa umehamia kwenye tabaka. Amri ya mwaka 667 iliwakataza mafundi na wafanyabiashara kupanda farasi, na idadi ya sanamu za kuzikwa nazo ilipangwa kwa cheo: 90 kwa daraja la tatu kwenda juu, 60 kwa la tano, 40 kwa la tisa. Farasi wa udongo alikuwa kitambulisho cha marehemu. Sishangai kwamba hao ndio wazuri zaidi kwa macho na wachache wao sana hunigusa.

Msomaji wa Pwani atamkumbuka twiga wa Malindi, aliyefikishwa China kwenye ikulu ya dola ya Ming mwaka 1415 akapokewa kama qilin, mnyama wa heri wa hekaya zao. Ikulu ya China ilikuwa na kipaji cha kumvisha mnyama halisi joho la mnyama wa kufikirika. Basi inashangaza kwamba sanamu za farasi zilizo kali kuliko zote zilifanya kinyume.

Nazungumzia farasi sita wa Zhaoling, kaburi la Taizong, kaizari wa pili wa Tang, aliyetawala kuanzia 626 hadi 649. Ni mabamba ya mawe, kila moja na farasi mmoja aliyempanda vitani kabla hajatwaa kiti cha enzi. Wana majina: Saluzi, Quanmaogua, Baitiwu, Qingzhui, Shifachi, Telebiao. Baadhi ya majina hayo wasomi wanayarudisha kwenye Kituruki, na singa zao zimefungwa mafundo matatu kwa mtindo wa watu wa nyika. Mshindi wa watu wa nyika alijizungushia farasi waliopambwa kama wa adui. Hapo ndipo kambi ya alama inapopata pumzi, na inastahili: kaizari aliyepewa na Waturuki cheo cha Khan wa Mbinguni alijua vizuri macho gani yatasoma mafundo yale.

Lakini hesabu mishale. Quanmaogua ana tisa, sita mbele na mitatu nyuma. Anatembea nayo. Hana joka, wala wingu, wala ndege chini ya kwato. Ni orodha ya majeraha iliyochongwa kwenye mwamba, na kaizari aliwatungia farasi wake mashairi ya sifa mmoja mmoja.

Quanmaogua na Saluzi hawapo nyumbani. Walitolewa China mwanzoni mwa karne ya 20, mawe yakiwa vipande vipande, na sasa wako kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Wanne waliobaki wako Xi'an, na nafasi mbili zimejazwa kwa nakala.

Saluzi ndiye pekee mwenye mtu kando yake. Ni vita vya kuugombania mji wa Luoyang, mwaka 621. Taizong ametengwa na askari wake, farasi amepigwa mshale kifuani. Ofisa Qiu Xinggong ameshuka. Historia inasema baadaye alimpa bwana wake farasi wake mwenyewe, akatangulia kwa miguu na upanga mkononi hadi wakatoka salama. Mchongaji hilo aliliacha. Alichonga kabla ya hapo kidogo: mtu ameinama, ameushika mshale kwa mikono, na farasi, anayeweza kumponda kwa teke moja, amerudisha uzito nyuma, ameshusha kichwa, anasubiri.