Konsoli za Kutiririsha Michezo: Raha ya Ughaibuni, Mashaka ya Nyumbani

Sisi tunaoishi ughaibuni huulizwa mara kwa mara na jamaa walioko nyumbani Afrika Mashariki ni kifaa gani cha michezo ya video kinachofaa kununuliwa, na siku hizi swali hilo limebadilika sura. Vijana wamekwisha kusikia kwamba ipo konsoli ya kutiririsha, kifaa kidogo na chepesi, kisicho na diski wala kadi kubwa ya grafiki, ambacho huchezesha michezo ile ile mikubwa kwa kuipokea moja kwa moja kupitia intaneti, na wanataka kujua kwa nini wagharimie mtambo mzito ilhali mwepesi upo. Jibu langu, ambalo limewaudhi baadhi yao, ni kwamba thamani ya kifaa hicho haitoki kiwandani. Inatokana na umbali uliopo kati ya mahali ulipoketi na jumba lenye seva zinazokihudumia. Huku Ulaya ninakoishi umbali huo ni mfupi, nami nakitumia bila manung'uniko makubwa. Lakini kwa nyumbani, kwa hali ilivyo sasa, bado nashauri mtambo unaoubeba mchezo wenyewe tumboni mwake.

Wengi wanaoshangazwa na jibu hilo husema kwamba intaneti ya nyumbani inacheza filamu bila kukwama, kwa hiyo mchezo nao hautashindwa. Hapo ndipo penye mtego. Filamu imekwisha kurekodiwa, hivyo kifaa chako huvuta sehemu zijazo mapema na kuziweka akiba, na mtandao ukiyumba kwa sekunde chache hutambui lolote kwa sababu unatazama kile kilichokwisha kufika. Mchezo hauna akiba ya namna hiyo, kwani picha inayofuata haijakuwepo mpaka wewe ubonyeze kitufe. Unapobonyeza, amri husafiri hadi kwenye seva, seva huchora picha, huibana ili iwe nyepesi, huirudisha kwako, kisha kifaa chako huifungua na kuionyesha. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde una takribani milisekunde 17 tu kati ya picha moja na nyingine, na safari yote hiyo lazima irudiwe muda wote unaocheza, hata kama ni saa tatu mfululizo.

Sasa tupige hesabu ya njia peke yake. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 5 kwenda na nyingine 5 kurudi. Anayeishi kilomita 300 kutoka kwenye kituo cha data hupoteza milisekunde 3 njiani, kiasi ambacho mkono wa binadamu hauwezi kukihisi. Ambaye njia yake ya kebo ni kilomita 8,000 hupoteza milisekunde 80, yaani karibu picha tano kamili, na hapo hatujahesabu kazi ya seva, ya kubana na kufungua picha, wala ya mitambo ya kati inayopokezana taarifa. Hakuna kampuni inayoweza kulipunguza deni hilo kwa programu bora zaidi, kwa kuwa ni deni la maumbile. Anayezungumza kwa simu ya mbali inayochelewesha sauti anaijua hali hii: kila mmoja anasema, anasubiri, anadhani mwenzake amenyamaza, kisha wote wawili wanasema kwa pamoja. Katika mchezo wa mpira au wa ndondi, mwenzako huyo ni mchezaji wako mwenyewe, ambaye hukwepa baada ya ngumi kumfikia au hupiga baada ya mpira kumpita.

Umbali una adha ya pili, nayo ni kutegemea njia chache. Huku data ina barabara nyingi za nchi kavu, na moja ikifungwa nyingine hupokea msafara bila mtumiaji kujua. Afrika Mashariki hutegemea zaidi kebo za chini ya bahari, na mwaka 2024 ulitufundisha maana ya utegemezi huo: mwezi Februari kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, na Mei 12 kebo za EASSy na SEACOM zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ikawa dhaifu katika nchi kadhaa kwa wakati mmoja. Mwenye mtambo wenye mchezo ndani yake aliendelea kucheza peke yake siku hizo kana kwamba hakuna lililotokea. Mwenye konsoli ya kutiririsha alibaki na skrini na vitufe.

Suala la kiasi cha data ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na ajabu ni kwamba halizungumzwi huku hata kidogo, kwa sababu huku wengi hulipia intaneti ya nyumba kwa mwezi na hawahesabu gigabaiti. Google ilipoanzisha Stadia, huduma yake ya kutiririsha michezo, ilieleza kwamba kasi ya chini inayohitajika ni megabiti 10 kwa sekunde, na kwa picha za ubora wa 4K ni megabiti 35. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, kasi ya megabiti 10 ikitumika yote kwa saa moja ni gigabaiti 4.5, na ya megabiti 35 inakaribia gigabaiti 16. Kijana anayecheza saa mbili kila jioni kwa kiwango cha chini kabisa atakuwa ametumia gigabaiti 270 kwa siku 30. Kwa anayeishi kwa bando la simu, hiyo si burudani tena. Ni mzigo wa kila mwezi unaoweza kuzidi ada ya huduma yenyewe.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wapinzani wa utiririshaji hupenda kuuruka, nami sitauruka. Mtambo wa kawaida nao ni mlaji mkubwa wa data siku hizi. Kuna michezo inayozidi gigabaiti 100, na hata aliyenunua diski huenda akadaiwa kupakua masahihisho makubwa kabla ya kuanza. Gigabaiti 100 ni sawa na saa 22 za kutiririsha kwa megabiti 10. Kwa hiyo mtu anayependa kuonja mchezo kwa saa tano kisha kuuacha atatumia data kidogo zaidi akitiririsha kuliko akipakua, na mpenzi wa mchezo mmoja anaoucheza mwaka mzima atapata hasara kubwa. Tofauti inayoamua kwangu ni aina ya mtandao inayotakiwa na kila njia. Kupakua huvumilia: unaweza kuacha kifaa kifanye kazi usiku, mtandao ukatike mara kadhaa, uendelee ulipoishia, na asubuhi mchezo uko kamili. Kutiririsha hakuvumilii hata kidogo, na huhitaji mtandao uliotulia katika saa zile zile za jioni ambazo kila mtu mtaani yuko mtandaoni.

Nitasema jambo la kuwatetea waliobuni teknolojia hii, kwani wazo lao si la kitapeli. Ni wazo lenye haki ndani yake: mtu asiyeweza kumudu mtambo wa gharama kubwa apewe nafasi ya kuukodi kwa saa chache, autumie kwa simu au televisheni aliyo nayo tayari, na aachane na kelele za feni, joto na ukosefu wa nafasi ya kuhifadhi. Kinachonikera ni kwamba hadi leo huduma hizi zimewafikia kwanza wale waliokuwa na uwezo wa kununua mtambo wenyewe. Stadia ilipofunguliwa Novemba 2019 ilipatikana katika nchi 14, zote za Ulaya na Amerika Kaskazini. Microsoft ilipozindua huduma yake ya michezo ya wingu, yaani michezo inayotiririshwa kutoka seva za mbali, Septemba 2020 ilianza na nchi 22, na hapakuwa na nchi hata moja ya Afrika. Makampuni hayakufanya hivyo kwa chuki, kwa sababu huduma huenda mahali palipo na vituo vya data na wateja wenye intaneti ya kasi. Lakini matokeo ni yale yale, kwamba dawa imepelekwa kwa mwenye mafua wakati mwenye homa kali anaambiwa asubiri.

Subira hiyo imezaa njia za mkato ambazo sisi wa ughaibuni tunahusika nazo moja kwa moja. Wapo wanaojisajili kwa anwani na kadi za benki za huku kisha kumpa ndugu aliyeko nyumbani jina la mtumiaji na neno la siri. Mimi siungi mkono mpango huo, wala si kwa sababu ya sheria za kampuni pekee. Akaunti hiyo itaunganishwa na seva za nchi ya mbali, hivyo ucheleweshaji unakuwa mkubwa kuliko kawaida, na siku kampuni itakapoamua kuifunga, ndugu hana wa kumlalamikia na mwenye akaunti hana hoja ya kujitetea.

Kuhusu umiliki, historia fupi ya vifaa hivi inatosha kumtia mtu hadhari. OnLive, huduma ya kutiririsha iliyotangulia Stadia, ilianza nchini Marekani mwaka 2010 na ikauza kijikonsoli chake cha kuunganisha kwenye televisheni. Aprili 30, 2015 ilizimwa, baada ya Sony kununua hataza zake (haki za uvumbuzi), na maktaba za wachezaji zikatoweka pamoja na huduma. Stadia ilidumu miaka mitatu na ushei, ikafungwa Januari 18, 2023. Kwa haki, Google iliwarudishia wateja fedha za michezo waliyonunua katika duka la Stadia na za vifaa walivyonunua katika duka lake, na vidhibiti vyake vikapewa sasisho la kuvifanya vitumike kwa Bluetooth na vifaa vingine. Huo ulikuwa uungwana usio wa lazima, na sidhani mtu apange matumizi yake akiutegemea. Hata huduma isipokufa, mchezo mmoja mmoja unaweza kuondolewa: GeForce Now ya NVIDIA, huduma inayotiririsha michezo ambayo mtu ameinunua kwingine, ilipotoka kwenye majaribio Februari 2020, wachapishaji wakubwa kadhaa, wakiwemo Activision Blizzard na Bethesda, waliondoa michezo yao, na walioilipia kwingine wakashindwa kuicheza hapo.

Ni kweli kwamba mchezo uliopakuliwa nao siku hizi ni leseni, na California ina sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi jambo hilo waziwazi. Lakini kati ya leseni yenye faili ndani ya mtambo wako na leseni isiyo na chochote mkononi kuna hatua kubwa, na diski ina hatua nyingine zaidi, kwa kuwa inaweza kuazimwa, kuuzwa tena au kubadilishwa na ya mwenzako. Kutiririsha kumeondoa mzunguko huo wote. Mtu wa huku haumii sana. Anayetegemea diski iliyokwisha kutumiwa ndiye anayefungiwa mlango.

Huku kuna pia wasimamizi wanaolitazama soko hili kwa makini. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizuia Aprili 2023 ununuzi wa Activision Blizzard uliokuwa ukifanywa na Microsoft, na sababu yake kuu ilikuwa soko la michezo ya wingu. Ilikubali Oktoba mwaka huo baada ya mpango kubadilishwa ili haki za kutiririsha michezo hiyo nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya ziuzwe kwa Ubisoft, kampuni nyingine ya michezo. Nilipofuatilia kesi hiyo niliona jinsi soko ambalo bado ni dogo linavyoweza kupiganiwa mapema kabla halijamezwa, na ningependa mamlaka zetu zilitazame kabla huduma hizi hazijatufikia, kwa sababu zitafika. Microsoft ilifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, mbinu mpya za kubana picha kama AV1 zinapunguza data kwa ubora ule ule, na faiba inaingia majumbani mwaka hadi mwaka. Siku seva za michezo zitakapowekwa ndani ya kanda yetu, zaidi ya nusu ya pingamizi zangu zitaanguka. La umiliki litabaki.

Mpaka wakati huo, aina moja ya utiririshaji naipendekeza hata kwa walioko nyumbani, nayo ni ile inayofanyika ndani ya nyumba. PlayStation Portal, kifaa cha mkononi cha Sony, ilipotoka Novemba 2023 haikuweza kuchezesha mchezo wowote yenyewe. Ilipokea picha kutoka kwenye PlayStation 5 ya mwenye nyumba. Wengi waliicheka, ila kwa mantiki ya umbali ni busara, maana picha husafiri kutoka chumba hadi chumba na hailazimiki kuvuka bahari, na bando haliliwi na picha hizo. Na kwa atakayeamua kulipia huduma ya wingu kwa vyovyote vile, asipime kasi ya mtandao asubuhi akaridhika. Apime muda wa kwenda na kurudi hadi kwenye seva ya huduma yenyewe, saa mbili usiku, kwa siku kadhaa, na aangalie kama namba inatulia au inarukaruka. Ikiwa chini ya milisekunde 40 na imetulia, acheze anachotaka. Ikipita 80, abaki na michezo ya mafumbo, ya kadi na ya kupanga mikakati kwa zamu, ambayo haimwadhibu mtu kwa kuchelewa. Na ikiwa inarukaruka, asilipe, hata kama wastani wake unavutia.