Makaburi ya Taveta yana majina, ya wapagazi yako wapi?

Pale Taveta kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, pametunzwa vizuri, majina yameandikwa, kuna hadi waliouawa kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, siku jeshi la Uingereza lilipotaka kukiteka kile kilima wakafurushwa na Wajerumani. Sina shida na hilo, walikua vijana wa watu. Shida yangu ni wale wapagazi waliowabebea chakula na risasi. Mbung'o walimaliza nyumbu na farasi kwa hivyo mzigo ukahamia kichwani kwa mtu, na wapagazi wakaisha kwa kuhara, njaa na uchovu zaidi kuliko kwa risasi.

Mi naona wajengewe ukumbusho, lakini kuna wenye wanasema tusijenge kitu, hii haikua vita yetu. Na hapo wana pointi kubwa, manake wengi hawakujitolea, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu walazimishwe, sasa ukimwita mtu shujaa wa himaya iliyomtoa shambani kwake kwa nguvu ni kama unamsafisha aliyemchukua. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Lakini kunyamaza pia kuna mwenyewe. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kua msitu haraka iwezekanavyo, kwa hivyo ile nyika unayoona huko leo bila alama ilikua uamuzi wa mtu ofisini. Alafu tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC), iliyoanza 1917 na kanuni kwamba wafu wote ni sawa, ilikuja kukiri kwenye ripoti ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa popote, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Ukienda Nairobi pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za 1928, mpagazi yuko pamoja na askari, na maandishi yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako, na hakuna jina hata moja la mpagazi hapo!! Hiyo inaniuma kila nikipita.

Swala la pesa naona halina uzito sana, tume ndio ina deni, sio kaunti iache kuchimba visima. Ngumu ni majina yenyewe, mengi hayakuandikwa ama rekodi zilipotea. Cape Town waliweza, Januari 2025 ukumbusho wa vibarua wa jeshi waliokufa kwenye vita hiyo hiyo ulifunguliwa ndani ya bustani ya Company's Garden, nguzo za mbao, kila nguzo jina la mtu, 1,772, lakini wao walikua na orodha. Sisi tukiandika machache tuliyo nayo tutakua tumewafuta wengine mara ya pili.

Kwa hivyo mi naona wazee na familia za Taveta, Mwatate, Voi waulizwe kwanza, nani alichukuliwa hakurudi, na nafasi iachwe kwenye ukuta ya kuongezea. Iwe sehemu ya wazi watu wanapokaa, sio ndani ya ua wa makaburi, na iandikwe kwa Kiswahili, Kitaveta na Kidawida kwamba hawa watu walichukuliwa kwa nguvu.