Mshahara au mkopo: biashara binafsi humsaidiaje maskini?

Watetezi wa sekta binafsi wana hoja nzito. China ilianza kulegeza uchumi wake mwaka 1978, Vietnam ikafuata mwaka 1986. Wakulima wakaruhusiwa kuuza mavuno yao, viwanda vya watu binafsi vikaajiri. Benki ya Dunia inakadiria kuwa China pekee imeshuhudia karibu watu milioni 800 wakitoka kwenye umaskini uliokithiri ndani ya miaka 40. Hakuna msaada wa wafadhili uliowahi kukaribia hapo.

Wapinzani hujibu kwamba soko halikufanya kazi hiyo peke yake. Benki kubwa za China zilibaki za serikali, na mwekezaji alikuta vijana waliokwisha kusomeshwa na kuchanjwa kwa gharama ya umma. Ni kweli pia.

Ninachoona kinatuchanganya ni kuita "biashara" vitu viwili tofauti: ile inayomwajiri maskini, na ile inayomkopesha ili ajiajiri. Hii ya pili ilipendwa mno, hasa baada ya Muhammad Yunus na Benki ya Grameen ya Bangladesh kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Lakini tafiti za nchi sita zilizochapishwa mwaka 2015, zikiwamo Ethiopia, Morocco na India, zilikuta mikopo midogo haikupandisha sana kipato cha kaya. Nchini Mexico, Compartamos, taasisi ya mikopo midogo iliyoanza kama asasi isiyo ya faida, iliingia soko la hisa mwaka 2007 huku ikitoza riba ya zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka. (Biashara gani ndogo inaweza kuubeba mzigo huo?) Si kila mtu ni mjasiriamali, wengi wanataka mshahara wa uhakika tu.

Basi tuuangalie huo mshahara. Viwanda vya nguo vya Bangladesh vimewapa ajira mamilioni, wengi wao wanawake. Tarehe 23 Aprili 2013, kuta za Rana Plaza, jengo lenye viwanda vya nguo nchini humo, zilionyesha nyufa. Benki iliyokuwamo humo iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Mafundi cherehani, ambao hawakuwa na chama cha kuwasemea, waliamriwa waingie kazini kesho yake. Jengo likaporomoka, watu 1,134 wakafa.

Hapo wapo wanaohitimisha kwamba viwanda hivyo ni unyonyaji mtupu. Sikubaliani nao. Wiki chache baadaye, vyama vya wafanyakazi na kampuni kubwa za mavazi vilisaini mkataba wa usalama wa majengo wenye nguvu ya kisheria, na mwaka huohuo kima cha chini cha mshahara kikapanda kutoka taka (sarafu ya Bangladesh) 3,000 hadi 5,300 kwa mwezi. Tulitishwa kwamba wawekezaji wangekimbia, lakini mauzo ya nguo nje yaliendelea kukua. Kampuni mbili zilipochelewesha matengenezo, vyama vilizipeleka kwenye usuluhishi huko The Hague, na mwaka 2018 mojawapo ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2.