Husserliana haikuanzia kiwandani

Makala yenu inasema Husserliana, mfululizo wa vitabu vya mwanafalsafa Edmund Husserl, ulianza 1950 pale kampuni ya uchapishaji ya Martinus Nijhoff ilipochapa juzuu la kwanza The Hague, Uholanzi. Mwaka ni sahihi, ila mmeruka sehemu inayoniuma roho kila nikiisoma. Husserl alifariki Freiburg, Ujerumani, mwaka 1938, Myahudi kwa asili, akaacha kurasa kama 40,000 za hatimkato (mwandiko wa haraka wa alama za mkato) chini ya utawala wa Wanazi. Mtawa Mfransisko kijana kutoka Ubelgiji, Herman Leo Van Breda, alienda huko kufanya utafiti wa shahada yake, akaona hatari iliyopo, akazibeba kwa masanduku hadi ubalozi wa Ubelgiji mjini Berlin. Zikafika mji wa Leuven, Ubelgiji, kama mizigo ya kibalozi.

Na hatimkato ile wangapi waliweza kuisoma? Eugen Fink na Ludwig Landgrebe, waliokuwa wasaidizi wa Husserl, walihamia Leuven 1939 kuinakili. Mjane wake, Malvine, alifichwa kwenye nyumba ya masista hukohuko Ubelgiji vita vyote. Hawa watu wanastahili angalau aya moja, jamani.