Machweo ya Japani si ya kupigia picha

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinitumia video ya saa mbili. Picha ni moja tu, haisogei: anga la rangi ya chungwa, nyaya za umeme, msichana wa sketi ya shule ametupa kisogo. Chini yake ngoma inadunda polepole kama mtu aliyechoka kutwanga. "Shangazi, hizi ndizo nyimbo za machweo za Japani. Zisikilize ukiwa kazini." Nikasikiliza. Kufika dakika ya arobaini sijaona jua likizama, ila kinanda kinazunguka palepale kama feni ya dari.

Nikamtumia na mimi wimbo wangu wa machweo, Akatombo. Hata dakika haikupita: "Shangazi, huu si wimbo wa chekechea?"

Ni wa chekechea, ndiyo. Kwani chekechea kuna nini?

Niliwahi kukaa miezi sita kimasomo katika mji mdogo nje ya Tokyo. Jioni ya kwanza niko jikoni naosha mchele, saa kumi na moja kamili, spika iliyofungwa juu ya nguzo ikakoroma, kisha ikaanza kupiga muziki mtaa mzima. Nikajua ni gari la matangazo, nikakimbilia dirishani nione wanauza nini. Gari hakuna. Kulikuwa na watoto uwanjani, wakaacha mpira, wakaokota mabegi yao, wakatawanyika. Hakuna mama aliyetoka kuita. Walioitwa na wimbo ndio hao wanaondoka. Kwetu Tanga kazi hiyo ilikuwa ya adhana ya magharibi, ila sisi tulitishiwa majini. Wenzetu wamepewa kunguru wa kuwasindikiza.

Kunguru wamo kwenye wimbo wenyewe wa spika ile, Yūyake Koyake. Maneno ni ya Nakamura Ukō, mwalimu aliyekuwa akifundisha Tokyo. Kwao ni Ongata, kijiji cha milimani ambacho leo kimo ndani ya Hachiōji, na enzi hizo ukishuka treni Hachiōji ulikuwa na mwendo mrefu wa miguu mpaka ufike. Aliyaandika mwaka 1919, Kusakawa Shin akayatia muziki, ukachapishwa 1923, mwaka uleule wa tetemeko kubwa la Kantō. Ubeti wa kwanza unasemaje? Jua limezama, kengele ya hekalu la mlimani inalia, tushikane mikono turudi, turudi pamoja na kunguru. Ndiyo hivyo. Wingu halisifiwi, rangi hazihesabiwi. Jua linapewa kipande cha mstari, ubeti wote uliobaki ni njia ya kurudi nyumbani.

Hilo ndilo linalonikera kuhusu ile video. Wajapani walioimba machweo vizuri hawakuwa wanatazama anga, walikuwa wanaitwa. Jioni kwao ni sauti inayosema rudi nyumbani. Ukiitoa sauti hiyo ukabakiza rangi ya chungwa, umebaki na karatasi ya kufungia zawadi, zawadi yenyewe umeisahau dukani.

Labda sisi tuliozaliwa jirani na ikweta tunahitaji kulifikiria hili kidogo. Jua letu lina tabia za karani wa serikali, mwaka mzima linafunga ofisi saa kumi na mbili na kitu. Tokyo mwezi Desemba linazama saa kumi na nusu jioni; Juni linangoja mpaka saa moja. Jioni ya kule inaibiwa kidogokidogo, ukishtuka majani yameshapukutika. Miaka elfu moja iliyopita bibi wa ikulu, Sei Shōnagon, alipokuwa akipanga uzuri wa majira, majira ya kuchipua aliyapa alfajiri, majira ya majani kupukutika akayapa jioni. Na alichokitaja kwenye jioni hiyo ni kunguru wanaowahi viotani, watatu, wanne, wawili. Kunguru tena! Basi mtu asiniambie ni ndege wa katuni.

Kuna wanaolalamika kwamba zile spika ni kelele. Anayefanya kazi zamu ya usiku namwelewa, wengine wavumilie. Spika zile ndizo za kutangazia maafa, na wimbo wa kila siku ni namna ya kuhakikisha kwamba bado zinafanya kazi. Koo linalowaambia watoto mpira umekwisha ndilo litakalowaambia watu tsunami inakuja, pandeni mlimani. Tangu nilipolijua hilo, sikuweza tena kuusikia ule muziki kama mapambo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila kitu ni chao. Muziki mwingine wanaoupenda mno kwa saa ya kurudi nyumbani ni sehemu ya pili ya simfoni ya Dvořák, Mcheki aliyeitunga akiwa Marekani, 1893. Wajapani waliitilia maneno ya jua kutua nyuma ya milima ya mbali, sasa ukiwauliza wengine watakwambia ni ya babu zao. Nakubali pia kwamba tuni hizi ni nyepesi. Nyingi zinakwenda kwa sauti tano kati ya saba za ngazi ya muziki, ya nne na ya saba zinarukwa. Mtoto anaishika mara moja. Ndiyo sababu mzee haisahau.

Wimbo wa Oborozukiyo wa 1914, unaoanza na mwanga wa jua ukififia juu ya shamba la maua ya njano, ni mzuri, ila hauniumizi. Yūhi ga Naiteiru wa bendi ya The Spiders, 1966, jua lenyewe linalia. Wapenzi bwana.

Turudi kwa Akatombo. Maana yake ni kereng'ende mwekundu. Shairi ni la Miki Rofū, la mwaka 1921. Yamada Kōsaku alilitungia muziki 1927. Miki alizaliwa Tatsuno, mkoa wa Hyōgo. Wazazi wake waliachana angali mdogo, mama akaondoka, yeye akalelewa kwa babu. Shairi aliliandika akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, huko Hokkaidō, kaskazini kabisa, akifundisha kwenye monasteri ya Kikatoliki. Anamwona kereng'ende, na swali linamtoka: ni lini ile nilipokuona wakati jua linazama, nikiwa nimebebwa mgongoni?

Neno la kubebwa hapo, ukilisikia bila kuliona limeandikwa, ni sawasawa na la kufukuzwa. Watoto wengi wa Kijapani hukua wakidhani kereng'ende anamfukuza mwimbaji. Wanafika ukubwani ndipo wanagundua kwamba muda wote ule kulikuwa na mgongo.

Mgongo wa nani? Si wa mama. Ubeti wa pili unapita kwenye forosadi zilizochumwa shamba la mlimani zikatiwa kikapuni, au ilikuwa ndoto? Wa tatu unasema yule msichana aliolewa akiwa na miaka kumi na mitano, na habari za nyumbani zikakatika. Ni yaya. Mtoto amebeba mtoto. Wako wanaouelewa ubeti huo kwamba habari zilizokatika ni za mama, kwa kuwa yaya ndiye aliyekuwa akizileta. Kwa hiyo amepoteza mara mbili, kwa mistari miwili, na wimbo haupandishi sauti hata kidogo. Ubeti wa mwisho kereng'ende ametua kwenye ncha ya fito. Mstari huo aliutunga alipokuwa mwanafunzi wa shule, akaja kuumalizia shairi nao utu uzimani. Jioni imefika, wote wanaitwa nyumbani, na huyu aliyekuwa akimbeba hayupo.

Yote haya nilimwandikia yule kijana, ujumbe mrefu wa kishangazi-shangazi. Nilitegemea kikaragosi cha kucheka. Usiku akauliza, "Na huyo yaya anaitwa nani?"

Haitwi. Wimbo unasema nēya tu, neno linalotokana na dada mkubwa, walivyokuwa wakiitwa wasichana wa kazi majumbani. Nikamwandikia: dada.

Halafu nikampigia mama. Nikamuuliza yule aliyekuwa akinibeba kwa kanga ya bluu kwenda kununua samaki jioni, alikuwa nani jina lake. Mama akanyamaza, nikasikia anauliza mtu aliyekuwa naye chumbani, anarudi kwenye simu.

"Sisi tulikuwa tunamwita dada tu."