Mwongozo utuambie umejuaje

Kitabu cha mwongozo wa tiba kwenye meza yetu ya zamu kimeshikizwa jalada kwa plasta ya vidonda. Saa nane usiku mtoto akiletwa anahema juu juu, mikono baridi, nesi hana wa kumuuliza ila kitabu hicho. Kinamwambia "mpe". Hakimwambii hilo lilijulikana vipi, kwa watoto wangapi, wala lina uhakika kiasi gani. Hilo linaniuma.

Linaniuma kwa sababu ya dripu. Tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimfiki vizuri vidoleni amiminiwe maji haraka mshipani. Wataalamu walikubaliana hivyo, na mtoto mwenyewe baada ya maji huonekana amepata nafuu. Kisha utafiti wa FEAST ukalipima jambo hilo papa hapa kwetu Uganda, hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, pamoja na Kilifi ya Kenya na Teule ya Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Matokeo yalitoka 2011: waliomiminiwa maji ya chumvi, asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. (Wenye kuharisha hawakuwamo, hao wanahitaji maji.)

Watoto watatu zaidi katika kila mia. Dripu hizo nimezifungua kwa mikono yangu.

Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake wa dharura za watoto 2016. Miaka mitano! Lakini kwa malaria kali, utafiti wa AQUAMAT ulionyesha 2010 kwamba atesuneti inaokoa watoto wengi kuliko kwinini, na mwaka uliofuata mwongozo ukageuka. Kubadilisha dawa kwa dawa ni rahisi. Kumwambia daktari aache alichozoea ni kazi nyingine kabisa, hasa kama hakuna aliyewahi kumwandikia kwamba alichozoea kilisimama juu ya maoni tu.

Njia ipo. Mfumo wa GRADE hupanga uhakika wa ushahidi katika ngazi nne: wa juu, wa wastani, mdogo, mdogo sana. Nataka ngazi hiyo ichapishwe pembeni ya kila agizo, mpaka kwenye nakala ya kituo cha kijijini. Na kamati inayoandika imwite nesi wa zamu ya usiku, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama oksijeni ipo au mtungi ni mtupu.

Kwa sasa natumia penseli. Ukurasa wa mshtuko wa watoto, yaani damu isipowafika vizuri mwilini, nimeandika pembeni: "Mbale, Soroti, 2011. Usimimine haraka."